Breki za gari lako ni amana ya nani?

Baada ya swala ya Ijumaa, kama ilivyo desturi ya misikiti yetu mingi ya mjini, baadhi yetu hubaki barazani tukinywa kahawa na kuzungumza ya dunia. Wiki chache zilizopita kijana mmoja, mwajiriwa mwenye gari dogo alilolipata kwa mkopo, aliuliza swali ambalo wengi walilicheka. Alisema masta silinda ya breki ya gari lake inavuja. Amekwenda Gerezani kuulizia bei, na sasa ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua seti ya raba, aifungue silinda mwenyewe uani kwake siku ya Jumapili, abadilishe raba na kuirudisha. Ya pili ni kuchukua silinda iliyokarabatiwa upya kiwandani, iliyopimwa na yenye dhamana, ambayo shemeji yake aliyeko Uingereza yuko tayari kumtumia. Gharama ya njia hii ya pili ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kwanza.

"Mzee wangu," akanigeukia, "tukiacha mambo ya ufundi, je, nikichukua ile ya rahisi nina dhambi?"

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia kuwa hilo ni swali la fundi, si la barazani. Mimi sikucheka. Nilimwomba anipe muda nimjibu, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikilikwepa. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila msomaji mwenye gari, teksi, daladala au bajaji.

Yaliyonifika mimi

Mwaka 2006 nilikuwa na teksi moja, Corolla ya zamani, niliyomkabidhi kijana aiendeshe na kuniletea hesabu kila jioni. Siku moja akaniambia, "Bosi, pedali ya breki inazama. Nikikanyaga na kushikilia, inashuka polepole mpaka chini." Akataja bei ya silinda iliyotengenezwa na karakana ya uhakika. Ilikuwa hesabu ya siku kumi na mbili. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo, raba peke yake zinauzwa kwa hesabu ya siku moja, na yeye ameshawahi kuona zikibadilishwa.

Nilimwambia maneno ambayo bado nayasikia masikioni: "Basi weka raba, wewe si una mikono?"

Akaweka. Wiki tatu baadaye, akishuka mteremko wa kuelekea bonde la Msimbazi, gari lilifeli breki. Alivuta hendibreki, gari likayumba, likaingia kwenye meza za wauza mboga kando ya barabara. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alivunjika mguu mara mbili, juu na chini ya goti, na biashara yake ya mchicha na nyanya ikaishia pale pale.

Nilikwenda kumwona wodini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Baba, gari ni lako?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ulijua kuwa breki zake mbovu?" Nikamjibu, "Dereva aliniambia ameshazitengeneza."

Ndugu msomaji, jibu lile lilikuwa kweli, kila neno lake. Na tangu siku ile sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Kifaa hiki si kama vifaa vingine

Ili tuelewane, ni vizuri kwanza tujue kitu tunachokizungumza. Breki za maji zinategemea kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungiwa, msukumo huenea sawasawa kila upande. Mguu wako unasukuma pistoni ndani ya masta silinda, mafuta ya breki yanaupeleka msukumo huo kwenye magurudumu, na huko pedi au lainingi zinabana diski au dramu. Kinachozuia msukumo usitoroke ni mdomo mwembamba wa raba, unaoteleza juu ya ukuta wa silinda uliosuguliwa ukawa laini kama kioo. Uhai wa aliyemo garini na wa aliye mbele yake unashikwa na mdomo huo.

Sasa tazama yanayoweza kutokea uani. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huleta kutu na vishimo vidogo kwenye ukuta wa silinda. Raba mpya ikipita juu ya vishimo hivyo inachanika. Fundi wa nyumbani huchukua msasa akausugua ukuta huo. Kama silinda ni ya chuma cha zamani, kusugua kidogo kwa kifaa chake maalumu kunaweza kufaa. Lakini silinda nyingi za magari ya miongo ya karibuni ni za aluminiamu, na ukuta wake una ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani. Msasa unaondoa ngozi hiyo. Silinda inang'aa na kupendeza machoni, na hapo ndipo uharibifu wake unapoanza.

Kisha kuna suala la kuoshea. Raba za breki hazipatani na petroli, dizeli wala oili ya injini. Zikiguswa nazo huvimba na kulainika. Dereva wangu, kama alivyonieleza baadaye, aliziosha kwa petroli ili ziwe safi. Alikuwa na nia njema kabisa. Magari yale yana njia mbili za breki ndani ya silinda moja, kusudi moja ikifa nyingine ibaki. Lakini mkono mmoja ulioosha raba zote kwa petroli ile ile uliziharibu njia zote mbili kwa pamoja. Akiba iliyowekwa na wahandisi ikafutwa na kikombe kimoja cha petroli.

Na nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari haiongezeki sambamba na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, breki zinatakiwa kumeza nishati mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana breki iliyojaribiwa uani kwa mwendo wa kutembea haijajaribiwa.

Hoja ya anayetengeneza mwenyewe

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tumsikilize anayetengeneza mwenyewe, maana hoja zake si za kipuuzi. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo hakuna kitu kilichotupwa. Wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Uganda, nchi ikiwa haina fedha za kigeni na spea hazionekani madukani, wanajua kuwa magari yalitembea kwa sababu ya akili za mafundi wetu. Walichonga, walibandika, walibuni. Gereji bubu za leo ni watoto wa dhiki ile, na zimelisha familia nyingi. Kuwadharau kwa sababu hawana ukuta wala kibao ni kiburi.

Tena yapo mambo ambayo mtu makini anaweza kuyafanya nyumbani yakawa sawasawa. Kwa mwenye kujua, aliye na raba sahihi, mafuta sahihi, mahali pasipo na vumbi, na subira ya kutoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, silinda iliyotengenezwa uani inaweza kufanya kazi sawa na ya kiwandani. Na huyu ana faida moja kubwa. Anajua kilichomo ndani, kwa kuwa amekiona kwa macho yake. Anayenunua boksi anajua rangi ya boksi tu.

Hoja ya kiwandani, na udhaifu wake

Karakana inayokarabati kitaalamu inafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Inapokea silinda au kalipa ya zamani, inaifungua yote, inaisafisha mpaka chuma kitupu na kukitupilia mbali kilicholiwa na kutu kupita kiasi. Inaweka raba na vipuri vipya, inakipaka chuma kinga dhidi ya kutu, kisha inakitia kila kifaa kwenye mashine ya kukipima kwa msukumo kabla hakijatoka mlangoni. Mara nyingi mnunuzi huweka rehani inayorudishwa pale anapopeleka kile cha zamani, ili nacho kikakarabatiwe.

Tofauti ya kweli ipo katika mambo mawili. La kwanza ni ujasiri wa kukataa. Karakana yenye silinda mia haioni uchungu kuitupa moja mbovu. Mimi mwenye moja tu nitajishawishi kuwa kishimo kile ni kidogo. La pili ni kipimo. Karakana inakipima kifaa kabla ya barabara, mimi ninakipima juu ya barabara, na wapimwaji wenzangu ni wapita njia ambao sikuwaomba ruhusa.

Lakini tusidanganyike kuwa boksi linatakasa. Soko letu lina spea feki zilizopakwa rangi na kutiwa nembo za watu. Wapo wanaochukua silinda mbovu, wakaipiga msasa na rangi ya fedha, wakaiuza kuwa imetengenezwa upya. Mtume (SAW) alipopita sokoni aliingiza mkono wake katika rundo la chakula akakuta unyevu chini ya kilichokauka juu, na akamkemea muuzaji kwa kuficha kasoro ambayo watu walistahili kuiona. Rangi ya fedha juu ya kutu ni unyevu ule ule chini ya nafaka kavu. Na mnunuzi anayejua kuwa bei ni ya chini mno kuwa ya kweli, akanyamaza kwa kuwa inamfaa, hajapumbazwa. Amejipumbaza mwenyewe.

Kwa hiyo wapo watu wawili wanaokosea kwa njia tofauti. Mmoja anaamini mikono yake bila ya kuipima. Mwingine ananunua lebo ili aweze kusema, "Mimi nimenunua ya kiwandani, lolote litakalotokea si langu." Huyu wa pili hakununua breki, alinunua udhuru. Mimi nilikuwa wa tatu, mbaya kuliko wote. Nilinunua udhuru kwa bei ya raba, nikauandika kwa jina la dereva.

Swali liko wapi hasa?

Ndipo ninapomwambia kijana wetu kuwa swali la nyumbani au kiwandani ni swali la pili. La kwanza ni hili: hatari hii ninamchagulia nani?

Kama ni paa la nyumba yako linalovuja, na unaishi peke yako, ukaamua kuliziba kwa nailoni, hilo ni lako. Gari si hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake ni kuwa aghalabu anayelipa gharama ya breki zangu ni mtu asiyewahi kupanda gari langu. Akiba ni yangu, mguu uliovunjika ni wa muuza mchicha.

Katika hadithi mashuhuri iliyomo katika Swahihi ya Bukhari, Mtume (SAW) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda juu kufuata maji, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wenzao. Nia yao haikuwa mbaya, na sehemu ile ilikuwa yao kweli. Lakini bahari haijui mipaka ya sehemu. Barabara nayo haijui kadi ya gari imeandikwa jina la nani.

Swali la pili linahusu ujuzi. Sheria yetu imeligusa jambo hili kwa uwazi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (SAW) kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na ujuzi huo anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Hapakuulizwa nia yake, kiliulizwa kile anachokijua. Wala hapakusemwa kuwa tabibu lazima awe na jengo. Fundi wa chini ya mwembe ambaye mtaa mzima unaijua kazi yake kwa miaka anaweza kuwa mjuzi, na mwenye duka la vioo akawa si kitu. Jambo linalotakiwa ni ujuzi uliothibitika kwa wengine. Kujiamini hakutoshi. Ndiyo maana ni jambo la heri mafundi wetu wa mitaani wakaenda VETA kupimwa ujuzi walioupata kazini na kupewa cheti chake. Cheti kile ni ushahidi kwa asiyewajua.

Na tusiseme, "Ilikuwa bahati mbaya." Aya ya 92 ya Suratin-Nisaa inazungumzia anayeua kwa kukosea, pasi na kukusudia. Hata huyo hakuachwa aende zake. Kuna kafara, na kuna diya kwa jamaa za marehemu isipokuwa wakisamehe. Kutokusudia kunaondoa uovu wa nia, lakini hakuondoi haki ya aliyedhurika. Sembuse yule aliyeambiwa kuwa pedali inazama, akahesabu siku kumi na mbili za hesabu, akaona ni nyingi?

Na asiye na uwezo je?

Hapa ndipo penye uzito, na sitaki nipapite haraka. Kijana wetu si tajiri. Dereva wa bajaji anayetafuta karo ya watoto si tajiri. Tumwambie nini? Wengine husema dharura hufanya yaliyokatazwa yaruhusike. Ni kweli, lakini wanavyuoni waliiwekea kanuni hiyo mipaka. Wamekubaliana kuwa hata mtu aliyeshikiwa panga, akaambiwa amuue asiye na hatia la sivyo atauawa yeye, haruhusiwi kuinunua roho yake kwa roho ya mwenzake. Najua mwenye breki mbovu hajashikiwa panga wala hakusudii kuua. Lakini mfano huo unatuonyesha kuwa dhiki yangu inanipa ruhusa juu ya haki zangu, hainipi ruhusa juu ya shingo ya mwingine. Umasikini unaweza kuniruhusu kupanda daladala, kutembea kwa miguu, kuchelewa kazini. Hauniruhusu kuendesha gari lisilosimama.

Hukumu hiyo ni ngumu kwa masikini, na kama tunaitamka ni lazima tuitamke kwanza kwa wenye uwezo. Sisi wenye vyombo ndio tunaopanga hesabu. Sisi ndio tunaomwambia dereva alete kiasi kile kile chombo kikiwa kizima au kibovu, kisha tunashangaa akitengeneza breki usiku kwa tochi. Dereva wangu hakuwa na chaguo la siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa nalo. Nilipomwambia aweke raba, sikumpa ruhusa, nilimpa amri iliyovaa kanzu ya ruhusa.

Na tusiisingizie tawakkul. Nyuma ya vyombo vyetu tunaandika kuwa Mungu ndiye mlinzi, na hilo ni haki. Lakini mwenye ngamia aliyeuliza kama amwache bila kamba na kumtegemea Allah (SW), Mtume (SAW) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Breki ndiyo kamba ya ngamia wetu.

Jibu langu kwa kijana

Mwanangu, kama huna uzoefu uliothibitika, usiifungue masta silinda uani. Ichukue ile ya karakana inayopima kazi yake na kuweka jina lake juu yake. Ikifika, usiiamini kwa sababu ya boksi. Ifungwe na fundi anayejulikana, mafuta yawe mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, upepo utolewe wote. Kisha washa injini, kanyaga pedali na uishikilie. Ikiendelea kuzama polepole, gari halitoki. Ijaribu mahali pasipo na watu, kwa mwendo mdogo kisha ukiongeza kidogo kidogo.

Kama fedha haijatimia, liegeshe gari mpaka itimie. Na kama unataka kujifunza ufundi, jifunze kwa mjuzi, anza na yasiyoua, mpaka yeye aseme umeweza.

Ukitaka kipimo cha moyo, jiulize hivi: je, ninaweza kumwendea yule mama muuza mboga kando ya mteremko, kabla ya safari, nikamweleza nilichokifanya kwenye breki zangu na kwa nini, kisha yeye akaridhika kubaki pale alipokaa? Ukiweza, nenda, iwe ni ya nyumbani au ya kiwandani. Usipoweza, jibu unalo tayari.

Mimi sikuweza. Nililipa matibabu, nikalipa mtaji wake, na teksi ile nikaiuza baada ya kuifunga silinda ile niliyoiona ghali. Yule mama alinisamehe kwa ulimi wake, Allah amlipe kheri. Lakini anachechemea mpaka leo, na kila ninapopita pale anapouza huniita, "Baba, chukua mchicha." Huuchukua, nikalipa, nikaondoka nikiwa na swali lake lile lile.

Allah (SW) atujaalie tuwe wenye kuchunga amana, zile tulizozikubali kwa midomo yetu, na zile tulizozibeba tangu siku tuliposhika usukani. Wabillahi tawfiq.